Kabla hujachukua fomu ya BMU, nisikilize mimi niliyeshatoka

Mwangaluka wote. Juzi kijana mmoja wa mwalo wa jirani (mwalo ni pale mitumbwi inaposhusha samaki) kanitumia meseji ndefuuu usiku, wenzie wanamsukuma agombee kamati ya BMU (kile kikundi cha watu wa mwalo cha kusimamia uvuvi), mkewe hataki, na yeye anataka kujua kama huko kuna chochote. Nilimpigia tukaongea, ila naona wengi mnaniuliza hilo hilo kwahiyo bora niandike mara moja yaishe.

Hela hamna. Tuanzie hapo. Ukisikia mtu anaongelea posho ujue ni pale kikundi kimekusanya kitu kikabaki, na mara nyingi hakibaki, kinaishia kwenye petroli ya boti ya doria. Alaf muda. Mi niko upande huu wa Sengerema, enzi zangu kupeleka gunia za dagaa soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, ilikuwa mpaka upange foleni ya kivuko pale Busisi, daraja lilikuwa bado linajengwa (limefunguliwa Juni 2025, mnaoanza biashara sa hivi mna bahati hamjui tu), sasa kikao kikiangukia siku ya soko umeshalala na hasara na hakuna wa kukurudishia.

Mi niliingiaje? Mwongozo wa BMU za ziwa letu la Victoria unataka kamati ya wajumbe 9 mpaka 15, kuna nafasi za wenye mitumbwi, za vibarua wanaoingia ziwani, za wachuuzi, na wanawake wasipungue 3. Siku ya uchaguzi wanawake wakapatikana wawili, wa tatu hayupo, msimamizi akageukia kule tulikokaa wauza dagaa akasema mayu wewe unajua kusoma, simama. Nikasimama, wakapiga makofi, imeisha hiyo. Nimekuwa kiongozi hata kanga sijaifunga vizuri.

Nikaenda kwa afisa uvuvi nikaomba nisome. Wengi mnadhani BMU ni genge la kukimbizana na makokoro (nyavu haramu za kukokota) tu. Hapana. Ipo ndani ya Sheria ya Uvuvi Namba 22 ya 2003 na kanuni zake za 2009 zikaielezea, na kazi zake ni pamoja na kuandikisha mitumbwi na wavuvi, kuandika takwimu za samaki wanaoshuka mwaloni, usafi, na kushirikiana na serikali kwenye doria. Kuhukumu mtu ni kazi ya mahakama. Hilo la mwisho lishike sana, maana kuna wajumbe wakishavaa tu ile fulana wanajiona mahakimu. Kwahiyo ushauri wa kwanza: soma. Usiposoma utakuwa wa kuitikia ndiyo mwenyekiti mpaka muda wako uishe.

Mwaka wa kwanza naruka, ni vikao na chai ya rangi.

Kilichoniletea jina ni daftari. Kwetu kila giza (zile siku zisizo na mbalamwezi) mtumbwi wa dagaa ulikuwa unatoa mchango wa mwalo, kwa ajili ya choo na mlinzi wa chanja za kuanikia dagaa. Siku moja nikaomba kuona mahesabu. Mhazini akatoa daftari la mtoto wake wa darasa la nne, mbele kuna hesabu za kujumlisha zimesahihishwa kwa kalamu nyekundu, nyuma ndo kuna mchango wa mwalo mzima, umeandikwa kwa penseli. Penseli jamani! Mi ndoo za dagaa nazonunua kwa mkopo naandika kwa peni na aliyenikopesha anaweka sahihi. Nikauliza kikaoni, kwanini penseli? Kimya. Mzee mmoja akakohoa, mwenyekiti akasema tuendelee na ajenda inayofuata.

Safari iliyofuata ya Mwanza nikanunua vitabu vya risiti vyenye kopi, kwa hela yangu, na sikuwahi kurudishiwa. Nikaja nikasema kuanzia giza hili hakuna anayetoa mchango bila risiti, na mwezi ukiwa mkubwa tunabandika mapato na matumizi mlangoni mwa ofisi. Walininunia wee. Lakini wale vibarua walioitwa wakaidi miaka yote wakaanza kutoa wenyewe, mtu anakuja ameshika risiti ya nyuma anataka ya sasa. Choo cha mwalo kina mlango leo kwa sababu ya zile risiti, na hili nitalisema mpaka nazikwa.

Na mkutano uitishe wakati wa mbalamwezi. Nyie wa mjini mtashangaa, ila ukiitisha wakati wa giza watu wote wako ziwani na taa zao, mchana wamelala, utahutubia wazee na mbuzi. Kuna viongozi wanalijua hilo vizuri sana na ndo maana wanaitisha wakati wa giza.

Sasa nije kwenye lililoniuma. Doria ilitoka usiku, asubuhi ikarudi na kokoro lililokutwa limefichwa kwenye matete. Kokoro ni haramu, kila mtu anajua, linazoa mpaka sangara wa urefu wa kiganja wakati sangara chini ya sentimita 50 hatakiwi kuvuliwa, na ubao wa kupimia tulishaupigilia misumari pale mlangoni. Mwenye kokoro? Mdogo wake mume wangu. Simu zilianza kabla sijanywa hata uji. Shangazi, wifi, mama mkwe mwenyewe, mama mkwe hakugomba, alisema tu mwanangu huyo ana watoto wanne, akakata. Nilikuwa na orodha ya vielelezo mbele yangu inasubiri sahihi na nikasaini, kwa sababu ile ya jirani yetu mwezi uliopita nilisaini pia, na mkewe ana watoto.

Baada ya taratibu zao za kisheria likachomwa pale pale ufukweni. Nailoni ikiungua inatoa moshi mzito mweusi, inadondoka matone matone kwenye mchanga, na harufu inaganda kwenye nguo. Watu wote wanaangalia moto. Shemeji yangu ananiangalia mimi. Krismasi hizi zote haji kwetu, na akinikuta njiani anasalimia watoto tu.

Alaf uchaguzi ukafika wakasema nimekula! Eti nimejenga. Bati zangu nimenunua kwa dagaa, kila mtu kaniona nikianika kwenye chanja jua la saa saba, leo bati ni za BMU? Nilisimama na vitabu vya risiti mkononi nikasema aje mtu mmoja ahesabu, hakuja hata mmoja, wakaenda kumpigia kura tajiri mwenye mitumbwi mingi aliyewanunulia soda. Naumia? Naumia ndiyo, sitawadanganya.

Lakini nyie vijana mnanichosha zaidi ya hao. Kutwa kijiweni serikali hivi, mwenyekiti kala vile, wakati mkutano mkuu wa kijiji kisheria ni kila baada ya miezi mitatu na mna haki ya kusomewa mapato na matumizi. Nani anaenda? Wanaenda wale wale wamama na wazee. Kama BMU inakutisha ipo kamati ya shule, ipo kamati ya zahanati ambayo siku hizi ina uzito kwa sababu hela za kituo zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, kuna chombo cha huduma ya maji ngazi ya jamii kwa sheria ya huduma za maji ya 2019. Nafasi zinabandikwa kwenye ubao wa mtendaji zinakaa mpaka karatasi inageuka njano. Nenda, soma, andika kila kitu kwa peni, dai risiti, toa risiti. Najirudia najua, ila hakuna kingine kilichoniokoa zaidi ya karatasi.

Na ongea na nyumbani kabla, swali liwe moja tu, siku wakimkamata wa kwetu nitafanyaje. Mimi mume wangu hakuna aliyemuuliza, na yeye ndo aliyepoteza ndugu.

Ukishachaguliwa, kabla ya kikao cha kwanza, dai makabidhiano ya maandishi: muhuri, vitabu, rejista ya mitumbwi, salio la benki. Wakikwambia tutakupa kesho, basi na wewe sahihi yako watapata kesho.