Ukinyamaza, profesa atadhani umeridhika

Mwanangu, ujumbe wako nimeupata. Umekubaliwa kusoma shahada ya uzamivu Uingereza, na unataka nikwambie namna ya kukaa na msimamizi. Hongera. Lakini humo humo umenichomekea maneno ya barazani kwetu Wete, Pemba: eti ami yako ana profesa wa Kizungu anayempenda kama mwanawe, keshamtafutia kazi, na nyumba kampa. Wallahi nilicheka mpaka nikakasirika. Chumba nimepanga mwenyewe, kodi inakula zaidi ya nusu ya posho, na huyo profesa kuna mwezi simtii machoni.

Baridi ya huku Scotland ninakosoma watakusimulia wengine. Disemba jua linazama kabla ya saa kumi, utazoea. Kinachonikera mimi ni ukimya. Sisi tumelelewa, skuli na chuoni, mwalimu akisema unainamisha kichwa. Huku ukiinamisha kichwa msimamizi anajua mambo yako sawa, anakwenda zake. Si dharau. Ana wanafunzi wengine, ana vipindi, ana maombi ya fedha za utafiti. Hakuiti mtu. Wewe ndiye unayeomba kikao, unayepeleka ajenda, na mkishaachana unamwandikia barua pepe fupi: tumekubaliana hivi, mimi nitaleta hiki, wewe utanirudishia sura yangu tarehe fulani. Barua hiyo usiiache hata mkipendana vipi. Sura yangu moja ililala kwake miezi, nilipouliza akasema hakumbuki kuipata. Barua ikamkumbusha.

Basi mheshimu. Na mbishie.

Utafiti wangu ni wa mwani. Profesa alipanga sampuli zichukuliwe kwetu Micheweni kila wiki, siku ile ile, na kwenye karatasi ratiba ilipendeza kweli. Nikamwambia, maji mafu, yasipokupwa sana, shamba halifikiki. Kina mama wanashuka bamvua, maji yakikupwa sana, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, kalenda yao ndiyo hiyo. Moyo ulinidunda kama niliyemtukana mzee. Akakaa kimya, akauliza maswali, akaifuta ratiba nzima. Tangu siku ile ananisikiliza vingine. Yeye anajua kuliko mimi kwa nini cottonii, aina ya mwani tunaolima, inakufa maji yakipata joto, lakini hajapata kuinama kutwa akifunga mbegu kwenye kamba. Ujuzi wa nyumbani usiuache bandarini Mkoani.

Mwite kwa jina lake, ndivyo wanavyotaka. Mimi ulimi bado unakwama. Ila usimzoee: akikualika chai kunywa chai, habari za ada ya mdogo wako usimpelekee. Lakini ukifiwa au ukiumwa mwambie siku hiyo hiyo, usione haya. Viza yako imeshikwa na chuo, na ukipotea bila ruhusa chuo kinalazimika kuwaarifu watu wa uhamiaji. Mwenzetu mmoja alifiwa na mama yake, akajifungia chumbani na msiba wake, hakumwambia mtu. Kilichombishia hodi ni barua ya onyo. Msimamizi wake alipojua alikuja mwenyewe kumpa pole, akamsaidia kuomba likizo. Angelijua mapema yote yale yasingelikuwa.

Na kazi? Wakati wa masomo viza inakupa saa 20 kwa wiki, na uzamivu hauna zile likizo ndefu za wanafunzi wa shahada ya kwanza. Ukiosha vyombo vya watu usiku ili utume pesa nyumbani, asubuhi sura haiandikiki, na msimamizi ataona uvivu tu. Mwambie kama unafanya kazi. Au usimwambie, ukimuona ni mtu wa kuhukumu. Hilo utalipima huko huko. Na pesa utatuma, usinidanganye, sote tunatuma.

Jengine wengi hawalijui mpaka wafike mwisho: yeye siye atakayekutahini. Kwa kawaida watahini ni wawili, mmoja anatoka chuo chengine, na msimamizi hana kauli katika hukumu yao. Kwa hiyo usiandike kumfurahisha yeye peke yake. Omba msimamizi wa pili tangu mwanzo, awe mtu anayejibu barua, hata kama jina lake si kubwa. Ile sura yangu iliyolala, wa pili ndiye aliyeisoma.