Ukikabidhiwa kwaya ya Waukraine, anza na bibi wa mbele

Kosa langu la kwanza lilikuwa kumwambia bibi wa miaka themanini na ushee apunguze sauti.

Ilikuwa Winnipeg, Kanada, ukumbi wa chini ya kanisa, nje baridi ya nyuzi 25 chini ya sifuri. Nilikuwa nimeimba nao sauti ya nne misimu miwili. Mwalimu wao alipougua wakanisukumia mimi kwa kuwa nasoma nota. Nimekulia kwaya ya Kilutheri huko Moshi, na sisi tulifundishwa sauti zishikane, asisikike mtu. Yule bibi alipaza koo wazi, kama anamwita mtu ng'ambo ya bonde. Nikasimamisha wimbo, nikamwomba alainishe. Hakubisha. Alinyamaza tu, na wimbo mzima ukalala.

Kumbe ndiyo kazi yake. Katika nyimbo nyingi za vijijini Ukraine, kundi hubeba sauti ya chini na mmoja hupanda juu yao peke yake. Wiki iliyofuata nilimpelekea chai, nikamwomba aanzishe yeye. (Bibi kwa Kiukraine ni "baba". Nilichukua muda kuzoea kumwamkia mama wa watu hivyo.)

Kwa hiyo kabla hujashika fimbo ya kuongozea, kaa nao jikoni. Wakiwa wanafinyanga varenyky, zile sambusa zao za kuchemsha, hutoka beti ambazo hazimo kitabuni. Omba ruhusa, urekodi kwa simu.

Halafu uliza maana kabla ya nota. Chukua Shchedryk, kazi ya mtunzi wa Kiukraine Mykola Leontovych, ambayo wengi wanaijua kwa maneno ya Kiingereza ya kengele za Krismasi, yaliyowekwa 1936. Kiini chake ni nota nne tu: d t d l. Sisi tuliozoea nota za sol-fa (do, re, mi) tunaishika dakika moja, na hapo hapo tunaiharibu kwa kuigonga kama kengele. Kumbe ni mbayuwayu ameingia nyumbani, anamwita mwenye mji atoke akaone zizi, kondoo wamezaa. Iimbe nyepesi, kama mwenye habari njema mdomoni.

Oleksandr Koshetz, mwongoza kwaya wa Kiukraine, aliiongoza Carnegie Hall, New York, mwaka 1922. Alitoka Kyiv na kwaya yake 1919 kwa ziara ya Ulaya, hakurudi tena. Alifia hapa hapa Winnipeg mwaka 1944. Huwa namkumbuka ninapofungasha karatasi zangu.

Matamshi yatakugombanisha na watu. Wapo wajukuu wa waliohamia Kanada tangu 1891, wengi kutoka Galicia na Bukovyna, magharibi mwa Ukraine, na wapo waliofika baada ya uvamizi wa Urusi wa 2022. Neno moja, matamshi mawili, kila mmoja ana hakika. Nilijaribu kuwa hakimu, nikashindwa. Sasa nauliza wimbo ulitoka kijiji gani na nani aliuleta; tunatamka kama yeye.

Na usiache kazi ya mchana. Mimi napewa hela ya mafuta ya gari na supu ya kubeba nyumbani.

Zamani nilikataza simu mazoezini. Katika sauti ya pili kuna mama ambaye mwanawe yuko vitani. Simu yake hukaa juu ya karatasi za nyimbo, kioo kikitazama juu. Ikiwaka, anatoka. Hatusimami. Jirani yake anavuta karatasi, anashika sehemu yake mpaka arudi.