Jibu: Usilipie mafunzo ya farasi kabla hujaiona kamba ikishikwa

Ndugu uliyeuliza kuhusu kuwapeleka wenzako 12 wa ofisini kule Karen, Nairobi, kwa mafunzo ya uongozi na ushirikiano kupitia farasi: umetaka kujua bei, idadi ya farasi na iwapo wasiojua kupanda watafaidika, lakini umetaja pia kwamba mwendeshaji wa mafunzo amewaahidi kuwafundisha "kumtawala farasi". Sitisha malipo. Maneno hayo hayo niliambiwa mwaka 2019, nikayaamini.

Zoezi lilikuwa kumwongoza farasi jike kwa kamba, bila kumpanda, apite katikati ya mapipa manne. Nikiwa msimamizi wa ghala, nilitangulia. Baada ya hatua chache farasi alisimama, akainua kichwa, masikio yakalala nyuma na shingo ikakakamaa. Mwendeshaji akapaza sauti kwamba nivute, nimwonyeshe nani mkubwa. Nilivuta, naye akavuta. Nikaizungusha kamba mara mbili kiganjani ili nipate nguvu. Karani wetu wa stoo, binti asiye na maneno mengi, akaniambia taratibu, "Bosi, ilegeze, anakuogopa." Nilimjibu kwa ukali, mbele ya wote, kwamba sikumwomba ushauri. Farasi mzima hufikia kilo 500 hivi. Aliporusha kichwa, kamba ilinibana na kidole cha pete kikavunjika kabla sijawahi kuiachia.

Mwendeshaji alidai kwamba farasi yule ni mkaidi. Kauli hiyo inaniudhi hadi leo, kwa sababu anayelipwa kufundisha kwa farasi hana budi kujua kwamba huyu ni mnyama ambaye kwa asili huwindwa na wanyama wakali, macho yake yapo ubavuni mwa kichwa, huona karibu pande zote isipokuwa mbele kabisa ya paji la uso na nyuma ya mkia, na akibanwa na jambo asilolielewa hutafuta njia ya kukimbia. Kuvutwa peke yake hakumfunzi kitu. Hujifunza pale kamba inapolegezwa mara tu anapojaribu kuitikia. Saisi, yaani mtunza farasi, aliyekuwa amesimama langoni muda wote bila kuulizwa lolote, ndiye aliyekuja akaichukua kamba, akaiacha ining'inie, akasimama usawa wa bega la farasi, akatazama mapipa badala ya kumkodolea macho, kisha akaanza kutembea. Farasi alishusha kichwa, akalamba midomo, akamfuata.

Tumezoea kusema kwamba kiongozi ameshika hatamu, nami nilidhani kushika ni kukaza. Kidole kilipona. Karani aliomba uhamisho mwezi uliofuata, na katika vikao vyote vilivyobaki hakufungua kinywa, hata siku tuliyopakia mzigo usio wenyewe, kosa ambalo nilikuja kugundua kwamba alikuwa ameliona tangu asubuhi.

Kanuni yangu ni hiyo moja: kamba ilegee. Kabla hujatoa hata shilingi, nenda peke yako, umwombe mwendeshaji amwongoze farasi ukiwa unatazama, na macho yako yasibanduke kwenye kamba. Ikiwa imekazwa mwanzo hadi mwisho, aga uondoke. Uliza pia kama saisi ataruhusiwa kusimamisha zoezi. Na siku yenyewe, mwenzako yeyote asiye na cheo akisema "legeza", ilegeze kwanza, mengine mtaulizana baadaye.