Tabaka la juu linapolifunika la chini: maswali yenu kuhusu imeji za Linux

Mzizi wa kifaa changu (saraka kuu yenye faili zote) ni squashfs, yaani mfumo wa faili uliobanwa wa kusoma tu, na juu yake kuna tabaka la kuandikia la overlayfs, mfumo unaoonyesha matabaka kama kitu kimoja. Nimeweka squashfs mpya, lakini dpkg (programu ya Debian ya kusimamia vifurushi) bado inaorodhesha matoleo ya zamani, na programu kadhaa zinakataa kuanza kwa kukosa maktaba. Nimeijenga vibaya?

Hapana, squashfs yako huenda ni nzima. Siku uliposakinisha kifurushi cha kwanza kifaa kikiwa kinafanya kazi, dpkg iliandika upya faili ya /var/lib/dpkg/status, daftari lake la vifurushi, na toleo hilo likabaki tabaka la juu. Overlayfs haichanganyi mistari ya faili mbili. Inatazama jina tu: likipatikana juu, la chini halionekani tena. Kwa hiyo unasoma daftari la zamani lililolala juu ya jipya. Maktaba nazo ni hivyo hivyo: za zamani zimefunika mpya, na programu za chini zinazitafuta mpya bila kuziona.

Hakikisha kwa kuipekua saraka ya upperdir (lile tabaka la juu) yenyewe, siyo mzizi uliokwisha unganishwa. Chochote utakachokikuta chini ya usr na var/lib/dpkg ndicho kinachofunika. Ukikuta kifaa cha herufi (character device, aina maalumu ya faili) chenye namba 0/0, hiyo ni alama kwamba faili ya jina hilo ilifutwa.

Kisha hifadhi data zako na mipangilio uliyobadilisha, uanze na tabaka la juu tupu. Tafadhali usifute faili ndani ya upperdir overlayfs ikiwa imepachikwa (yaani inatumika); kerneli, kiini cha Linux, haitoi hakikisho lolote la kitakachotokea. Mimi nimeacha kabisa kusakinisha kwa apt (programu ya kupakua na kusakinisha vifurushi) kwenye vifaa vya namna hii. Kila kifurushi kinaingia wakati wa kujenga squashfs.

Nimeondoa vifurushi vikubwa, mbona nafasi haikuongezeka?

Faili ziko chini, ambako hapaandikiki. Umeongeza alama za kufuta tu. Viondoe kwenye ujenzi.

Overlayfs inakataa kupachikwa.

Angalia workdir kwanza, saraka ambayo overlayfs huitumia kwa kazi zake za ndani: lazima iwe kwenye mfumo wa faili uleule wa upperdir. Upperdir nayo haiwezi kukaa juu ya NFS (mfumo wa faili wa kupitia mtandao). Sababu kamili mara nyingi imeandikwa kwenye dmesg, kumbukumbu ya ujumbe wa kerneli.

apt update inalalamika kwamba faili ya Release (faili iliyosainiwa inayoeleza yaliyomo kwenye ghala la vifurushi) bado haijaanza kuwa halali.

Saa ya kifaa iko nyuma. Bodi nyingi ndogo hazina betri ya saa, hivyo huwaka zikiwa na tarehe iliyopita. Rekebisha saa kabla ya apt. Ikiwa tatizo ni kinyume chake, yaani unatumia kwa makusudi nakala ya zamani ya ghala na muda wake umekwisha, weka check-valid-until=no kwenye chanzo hicho kimoja. Saini itaendelea kukaguliwa. Nawasihi msiweke trusted=yes ili kunyamazisha kosa, kwa sababu hapo mnauondoa ulinzi wenyewe.

Baada ya kujenga imeji kwa Debian 12 badala ya 11, wifi imepotea.

Toleo hilo la Juni 2023 lilihamisha firmware (programu za ndani za vifaa kama wifi) zisizo huru kutoka non-free kwenda sehemu yake, non-free-firmware. Mstari wako wa zamani wa chanzo cha apt haulitaji jina hilo. Liongeze, ujenge upya, kisha uliza apt-cache policy kifurushi cha firmware yako kinatoka wapi.