Majipu yanazunguka nyumba nzima, ni damu chafu?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mama lishe, napikia mafundi pale ujenzini, nna watoto watatu. Mwezi wa pili huu majipu hayatoki nyumbani, alianza wa kiume wa miaka 9 takoni, akapona, akafata dada yake kwapani, sasa mimi nna kajipu kidoleni na yule mdogo wa miaka 3 kavimba chini ya pua toka juzi. Jirani anasema ni damu chafu tunywe mizizi, na duka la dawa wameniuzia kapsuli nne tugawane. Nifanyeje? Mama Watatu, Mbagala.

JIBU: Marahaba Mama Watatu, pole sana. Naanza na huyo mdogo maana ndiye amenishtua. Uvimbe wa pembeni ya pua au mdomo wa juu usiuguse, usiubinye hata kama umeiva, mishipa ya damu ya hapo inaungana na ile ya ndani ya kichwa karibu na ubongo, kwahiyo mpeleke kituo cha afya leo hii usisubiri kesho. Akiwa na homa, jicho limevimba au amelegea, hiyo ni dharura, nenda moja kwa moja hospitali.

Sasa hilo la damu chafu, hapana mama, damu yenu haina shida. Kwa maelezo yako huyo ni bakteria anaitwa stafilokokasi, sisi tunamwita staf tu. Daktari mmoja wa Aberdeen kule Scotland, Alexander Ogston, miaka ya 1880 alichukua usaha wa majipu akaweka kwenye hadubini akaona viduara vimeshikana kama kichala cha zabibu, na jina lenyewe la Kigiriki maana yake ndio hiyo. Karibu mtu mmoja kati ya watatu anaye puani na wala haumwi, ila akipata upenyo, mkwaruzo, wembe, mbu kakung'ata ukajikuna, anaingia. Halafu anahama kwa mikono na taulo. Nimeingia nyumba nyingi nikakuta taulo moja msumarini nyuma ya mlango wa bafu, linafuta watu watano, halikauki kuanzia asubuhi mpaka usiku. Anza hapo. Kila mtu na taulo lake na wembe wake, zifuliwe kwa maji ya moto, zianikwe juani mpaka zikauke kabisa, kucha za watoto zikatwe.

Dalili zake sio jipu tu. Kuna vile vidonda vya watoto kuzunguka mdomo na pua, vinatoa majimaji halafu yanaganda rangi ya asali. Kuna ngozi inayovimba, inang'aa, inauma na haina kichwa, mara nyingi mguuni. Vitabu vinasema tazama wekundu, lakini kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu unajificha, kwahiyo weka mgongo wa kiganja usikie joto, linganisha na upande wa pili, kisha chora mstari kwa kalamu kuzunguka uvimbe, kesho ukikuta umevuka mstari usikae nyumbani. Na mtoto mwenye homa ambaye ghafla anachechemea au hataki kukanyaga, jamani msiseme ameteguka mkamkanda, staf anaweza kuwa ameingia kwenye mfupa au ndani ya msuli.

Jipu la kawaida kanda kwa kitambaa safi na maji ya moto ya kuvumilika, dakika 10 hadi 15, mara tatu au nne kwa siku. Usikamue, unausukuma usaha ndani. Likiwa kubwa wakalipasue kituo cha afya kwa vifaa safi, na mara nyingi ukishatoka usaha hata dawa hamhitaji.

Kidole chako sasa. Staf akiingia kwenye chakula kikakaa masaa bila joto anatengeneza sumu, na sumu hiyo ukipasha haifi, bakteria anakufa lakini sumu yenyewe inabaki. Mtu anaanza kutapika ndani ya nusu saa mpaka masaa nane. Najua hiyo ndio riziki yako na hainipendezi kukwambia, ila mpaka kidole kikauke mwache mwingine apike na kupakua, wewe baki kwenye kupokea hela.

Kuhusu kapsuli, hapa ndipo naumia kweli. Penisilini iligunduliwa 1928 pale London na Alexander Fleming kwenye sahani aliyootesha huyu huyu staf, leo staf walio wengi wanaivunja penisilini ya kawaida. Ikaja dawa nyingine, methisilini, 1959, na 1961 Uingereza wakapata staf sugu kwa hiyo pia, ndio huyo anaitwa MRSA. Kapsuli moja moja hazitibu mtu, zinamfundisha mdudu tu kuizoea dawa. Dawa ikiandikwa ni ya mtu mmoja na anaimaliza.

Mkienda leo nendeni wote, na wewe omba wakupime sukari maana majipu ya kujirudia mara nyingine ni kisukari kinapiga hodi, hasa kama una kiu sana na unakojoa sana usiku. Hizo kapsuli nne usimpe mtu yeyote, zibebe uwaonyeshe.