Karanga kugeuka njano na kubaki fupi: usichome mbegu, angalia ulipanda siku gani

Mama, nimesoma swali yako yote. Karanga ku ruti ya Kipushi, hapa karibu na Lubumbashi, ulipanda karibu na Noeli, sasa majani ya juu ni ya njano, mimea imejikunja haisongi mbele, chini ya majani kuko vidudu vyeusi. Muuza dawa anasema ununue pompi na dawa upulizie shamba nzima, jirani anasema uchome mbegu yote uliyobakiza nyumbani. Sisi na familia tunalima karanga ku upande wa Kasenga na hii kitu tunaijua sana, nitakujibu kirefu juu pesa yako iko karibu kutoka bure, na mbegu yako pia.

Hiyo ni rozeti, ugonjwa wa virusi wa karanga. Iko ya aina mbili, kuko ile ya njano, majani madogo ya njano kali na mishipa yake inabaki kijani, na kuko ile ya kijani, majani yanakuwa madogo, kijani nzito, yamesongamana kama mtu ameyafunga pamoja, hii ya pili watu wengi hawaishtukii juu wanaona shamba bado iko kijani wanafikiri ni nzuri mpaka siku ya kung'oa wanakuta mizizi mitupu. Wengine hapa Lubumbashi wanasema ni moshi ya uzine (kiwanda) ao ni shaba ndani ya udongo. Udongo mubaya ukiwa njo sababu utaona sehemu nzima imedhoofika pamoja. Rozeti yenyewe inachagua, shina moja imekufa moyo na ile ya pembeni yake inapendeza, halafu sehemu zenye kuugua zinaanza sana sana ku mipaka na pale kwenye mapengo.

Wale vidudu ni vidukari, jina la kisayansi Aphis craccivora, wakubwa wao ni weusi wanang'aa. Wenyewe kwa kunyonya tu wangekuletea hasara kidogo, shida ni ile wanayobeba. Na hapa rozeti si ugonjwa wa kawaida, ni vitu vitatu vinavyotembea pamoja. Kuko virusi ya kwanza inayoitwa virusi saidizi, peke yake karibu haionyeshi kitu ku mmea. Kuko virusi ya rozeti yenyewe, nayo haina koti yake ya kujifunika, kidukari hawezi kuibeba bila ile ya kwanza kuivalisha. Na kuko kipande kidogo cha tatu kinachoishi kwa kutegemea hiyo virusi ya pili, na hicho kidogo njo kinaleta ile njano na ule ufupi tunaouona kwa macho. Kidukari anahitaji kunyonya mmea mgonjwa masaa kadhaa, halafu inapita kama siku moja ndani ya mwili wake, kisha anaambukiza maisha yake yote yaliyobaki. Wenye mabawa wanaletwa na upepo kutoka mbali, wanashuka shambani kwako, wanazaa bila hata kupandana, watoto wanatembea shina kwa shina.

Sasa ya mbegu. Rozeti HAIPITI ndani ya mbegu. Maharage kuko ugonjwa wake wa mozaiki ambao unapita ndani ya mbegu, na wengi wanachanganya hizi mbili, pengine jirani yako alisikia ya maharage akakuletea ya karanga. Mbegu iliyotoka shamba yenye rozeti ukiipanda inaota mmea muzima. Chagua tu zile zilizojaa vizuri, juu shina mgonjwa inatoa punje zilizonyauka ambazo hazina nguvu ya kuota. Kuchoma mbegu ya karanga kwa bei ya sasa, mama, tafadhali usifanye.

Ya dawa: mmea ukisha kuugua hakuna dawa ya kuuponya, dunia nzima hakuna. Pompi inaua kidukari tu. Ingeweza kusaidia ingepulizwa mapema kabisa, vile wale wa kwanza wenye mabawa wanashuka, ili watoto wao wasisambaze. Leo shamba yako iko njano tayari, ukipulizia utaua vidukari na pamoja nao vile vidudu vya mgongo mwekundu wenye madoa meusi vinavyokula vidukari, na karanga itabaki vile iko. Hiyo pesa iweke.

Sasa niseme ile ninayoiamini kuliko yote: tarehe na msongamano. Ku upande wetu kuko mashamba mawili yanapakana, udongo mumoja, mbegu walinunua kwa mtu mumoja. Mama mukubwa wangu anapanda mvua ikishika tu mwezi wa kumi na moja, hata kama watu wanamcheka kwamba mvua itakatika. Jirani anangoja amalize mahindi kwanza, karanga inaingia udongoni mwisho wa mwezi wa kumi na mbili. Mwaka wenye vidukari wengi ya jirani inageuka njano, ya mama mukubwa inakuwa na mashina machache tu ya mipakani. Sababu yake ni hii, vidukari wanaongezeka kadiri sezoni inavyokwenda, na wakifika wanakuta ya mwenye kuwahi imekomaa imefunika udongo, ya mwenye kuchelewa bado ni changa. Mmea ukishikwa mudogo hautoi kitu. Ukishikwa umekomaa pengine tawi moja tu inaugua na karanga unavuna.

Na msongamano si mchezo. Kidukari mwenye mabawa anapenda kushuka pale anaona kijani ikitengana na udongo mutupu. Watu wetu wanaachia nafasi kubwa ili mbegu itoshe, ile nafasi njo inamkaribisha. Weka sentimita 10 mpaka 15 kati ya mbegu na mbegu, na pale haikuota rudisha mbegu haraka, usiache mapengo. Ukitaka kuchanganya, maharage ni nzuri: majani yake yana vinyweleo vyenye ndoano vidogo vinavyonasa vidukari, hiyo ilichunguzwa Malawi miaka ya 1970 na rozeti ilipungua kwa karanga iliyochanganywa. Bibi zetu walikuwa wanachanganya, halafu tukaambiwa kulima kisasa ni kutenganisha, mimi sikubaliani.

Kitu kingine watu wanaruka: karanga zinazojiotea zenyewe mvua ya kwanza, zile zilizobaki udongoni wakati wa kuvuna. Zing'oe zote, zako na za pembeni kama jirani anakubali. Hizo njo zinalisha vidukari wa kwanza, na mpaka leo hakuna mmea mwingine wa porini uliothibitishwa kwamba unatunza vile vitu vyote vitatu vya rozeti.

Usifikiri ni shida ya Katanga tu. Rozeti iliandikwa mara ya kwanza 1907, Tanganyika (Tanzania ya leo) wakati wa Wadachi, na iko Afrika tu, kusini ya Sahara na visiwa vya karibu. Mwaka 1975 iliharibu hekta karibu 700,000 kaskazini ya Nigeria. Sezoni ya 1994-95 ilipiga Malawi ya kati na mashariki ya Zambia, Malawi mwaka uliofuata watu wengi wakaacha kupanda karanga kabisa.

Njo maana kukatafutwa mbegu zinazovumilia. Malawi walitoa Nsinjiro (ICGV-SM 90704) inayokataa virusi ya rozeti yenyewe, na Baka (ICG 12991) inayokomaa haraka na ambayo vidukari hawaipendi. Wanaopita Kasumbalesa, ku mpaka na Zambia, waulize majina hayo, lakini wasichukue tu «mbegu ya Zambia», juu MGV-4, ambayo Malawi wanaiita CG7, inazaa vizuri na mafuta iko mingi ila rozeti inaishika bila shida. Uliza pia INERA Kipopo (kituo cha utafiti wa kilimo) ao fakilte ya agronomi ya UNILU (chuo kikuu cha Lubumbashi) wako na mbegu gani mwaka huu.

Kwa sasa palilia, acha yale mashina mazima yamalize. Yenye kuugua sana yang'oe, mbuzi wanaweza kula majani. Punje utakazopata kula bila wasiwasi, hii virusi haishiki watu, sombe (kisamvu) yako itakuwa na karanga kama kawaida. Na ukiweza tuma picha ya shina moja umeing'oa na mizizi, tuone kama ni ile ya njano peke yake ao mbili zimechanganyika.