Mbege, isale na daftari la ukoo

SWALI: Mhariri, kila Desemba sisi wa ukoo mmoja tulio Dar es Salaam, Mwanza na Arusha hupanda kwenda Marangu, tukachinja, tukanywa mbege, pombe yetu ya ndizi, na kuchanga fedha za wanafunzi na wagonjwa wetu. Mtumishi wa shirika moja alituambia kwamba hiyo ni starehe tu, wala si kazi ya asasi za kiraia, kwa kuwa hatuna usajili. Je, ni kweli? – Msomaji, Moshi.

JIBU: Ndugu msomaji, huyo amechanganya cheti na kazi. Ibara ya 20 ya Katiba ya mwaka 1977 inampa kila mtu uhuru wa kukutana na kushirikiana na wenzake. Usajili mtauhitaji mkitaka, kwa mfano, mkopo wa halmashauri kwa kikundi cha wanawake au vijana wenu, na hapo pa kuanzia ni kwa afisa maendeleo ya jamii.

Kabla neno «asasi» halijazoeleka, Wachagga walikuwa na mifongo, ile mifereji inayoshusha maji kutoka mlimani hadi vihambani, yaani kwenye mashamba ya migomba ya ukoo, na kila mfongo ulikuwa na wenyewe: siku ya kuuzibua ikitangazwa, asiyefika alitozwa faini. Sherehe zenu zina nguvu ya namna hiyo. Nimewahi kukaa katika kikao kama hicho Kibosho, kata ya mbege ikianzia kwa wazee, mweka hazina akifuatisha majina daftarini kwa kidole, na kijana mmoja aliyekula mchango wa msiba akaingia ameshika jani la isale, kwa kuwa anayeomba radhi na isale ni vigumu kumkatalia. Alisamehewa, lakini alipangiwa tarehe ya kulipa. (Ni mashirika mangapi yenye mabango barabarani yanayosomewa hesabu na wachangiaji wake ana kwa ana?)

Hata hivyo, tazameni anayesema na anayepika. Mambo ya kihamba yakijadiliwa huku akina mama wako jikoni, hiyo ni nusu ya ukoo inayoamua, ilhali Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imebatilisha mila inayomnyima mwanamke haki ya ardhi. Desemba hii hesabu zisomwe kabla ya nyama kugawiwa, wapishi wakiwa wamekaa, na daftari litiwe saini na mama mmojawapo.